Kwa Eka au kwa Mtu: Utangulizi wa Somo la Kulinganisha Mashamba

Mkulima wa Laela, mkoani Rukwa, akiambiwa shamba lake ni dogo, jambo la kwanza atakalouliza ni hili: dogo kuliko la nani? Ukimjibu kwamba ni dogo kuliko la Mmarekani, atauliza la pili, ambalo ni gumu zaidi: huyo Mmarekani analima na watu wangapi, ana zana gani, na mazao yake anamuuzia nani?

Hilo ndilo somo tunaloanza. Linaweka mezani mashamba ya nchi mbalimbali, linapima ukubwa wake, tija yake na kipato cha wanaoyalima, kisha linajaribu kueleza tofauti kubwa iliyopo baina yao. Nimeandika utangulizi huu kwa mwanafunzi wa uchumi kilimo anayeanza, kwa afisa ugani aliyechoka kusoma ripoti zinazomlaumu mkulima, na kwa mwandishi wa habari ambaye kila msimu hutakiwa kuandika kwamba tija yetu iko chini bila kuelezwa iko chini ya nini. Karibuni nyote. Hisabati inayohitajika haizidi kugawanya. Kinachohitajika zaidi ni ukaidi: kila unapopewa namba, uliza imegawanywa kwa eka, kwa mtu, kwa saa au kwa shilingi.

Mifano mingi nitaitoa Ufipa, mkoani Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Vitabu vya somo hili vimezoea Punjab na Iowa ya Marekani, na si vibaya, ila msomaji wa Kiswahili hulazimika kuyabuni mashamba hayo kichwani kabla hajaielewa hoja yenyewe. Uwanda wa juu wa Ufipa, uliokaa kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, una karibu kila kisa tunachokihitaji. Una mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Una mahindi, maharage, ulezi, alizeti na ngano. Una jembe la mkono, maksai na trekta, wakati mwingine katika kijiji kimoja. Na kwa miaka mingi Rukwa imetajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne inayoilisha nchi mahindi. Mtu akishindwa kueleza kwa nini mkoa unaolisha wengine wenyewe hautajiriki, bado hajalielewa somo hili.

Kwanza tazameni ukubwa wa jambo. Mwaka 2014 wachumi Tasso Adamopoulos na Diego Restuccia walichapisha ulinganifu unaonukuliwa hadi leo: katika nchi tajiri kabisa wastani wa shamba ni hekta 54 hivi, katika nchi maskini kabisa ni hekta 1.6. Miaka miwili baadaye Sarah Lowder na wenzake walikadiria kwamba duniani kuna mashamba zaidi ya milioni 570, na kwamba asilimia 84 kati yake hayafiki hekta 2, ingawa yote kwa pamoja yameshika kama asilimia 12 tu ya ardhi ya kilimo. Upande wa pato, Restuccia, Yang na Zhu walionyesha mwaka 2008 kwamba mfanyakazi wa kilimo katika nchi tajiri kupindukia alizalisha mara 78 ya mwenzake wa nchi maskini kupindukia, wakati nje ya kilimo tofauti ilikuwa kama mara 5 tu.

Ukizisoma namba hizo haraka, hitimisho linajileta lenyewe: tuunganishe mashamba, tununue matrekta, tutatajirika. Msimamo wangu nauweka wazi mapema, ili anayeupinga ajue pa kuanzia. Ukubwa wa shamba, kwa sehemu kubwa, ni matokeo. Nchi tajiri hazikutajirika kwa kuunganisha mashamba. Vijana wao walipata kazi viwandani na mijini, wakawaachia ardhi wachache waliobaki, na hao waliobaki wakapata mashine, mikopo, barabara na wanunuzi. Anayeanza kwa kuunganisha mashamba anaisoma hadithi kuanzia mwisho. Lakini msiniamini kwa kuwa nimesema. Sehemu kubwa ya utangulizi huu inahusu jinsi ya kupima, maana bila vipimo hata msimamo wangu ni porojo.

Tuanze na neno shamba lenyewe. Sensa ya kilimo ya Tanzania humhesabu mkulima mdogo kuanzia mwenye mita za mraba 25 za mazao hadi mwenye hekta 20, au mwenye ng'ombe kuanzia mmoja hadi 50. Akizidi hapo anahamia orodha ya mashamba makubwa, ambayo huhesabiwa peke yake. Mita za mraba 25 ni tano kwa tano, bustani ya mchicha nyuma ya jiko. Marekani hawaulizi eneo. Kwao shamba ni mahali popote palipouza, au pangeweza kuuza, mazao ya dola 1,000 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho kaya nyingi za Ufipa zingefutwa orodhani, na wastani wa Tanzania ungepanda siku hiyohiyo bila mtu kuongeza hata tuta moja. Juhudi za kuzipatanisha sensa za nchi zilianza zamani, kwa sensa ya kilimo ya dunia ya 1930 iliyosimamiwa na taasisi ya kimataifa ya kilimo iliyokuwa Roma, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wakairithi kazi hiyo. Maafikiano yameongezeka, lakini mpaka wa chini bado kila nchi inajiwekea wake. Kwa hiyo ukiona wastani wa shamba wa nchi fulani, tafuta kwanza nani ameachwa nje ya hesabu.

Kisha kuna eka. Vijijini kwetu eka hupimwa kwa miguu: hatua 70 kwa hatua 70. Kanuni hiyo si ya kubahatisha. Yadi 70 kwa yadi 70 zinakaribia sana eka ya Kiingereza, yaani mita za mraba 4,047, na aliyeileta alidhani hatua ya mtu ni yadi moja. Sasa mpe mama mfupi, mwenye hatua ya sentimita 80, apime. Atapata mita 56 kwa 56, mita za mraba 3,136, ambazo ni kama robo tatu ya eka na ziada kidogo. Mpe mwanawe mrefu anayepiga hatua ya mita nzima: atapata mita za mraba 4,900, eka moja na moja ya tano. Kila mmoja akivuna magunia 10 katika eka yake, daftarini wamelingana. Kwa kipimo cha kweli, mama amepata karibu magunia 13 kwa eka, kijana 8 na kidogo. Tofauti ni zaidi ya nusu, nayo imetoka miguuni.

Na hayo magunia? Debe ni la lita 20, na gunia la debe 6 linakaribia kilo 100 za mahindi makavu. Lakini mnunuzi anayekuja shambani anataka lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo linaweza kumeza debe 7 au 8 kwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wamelipiga marufuku mara nyingi, na kila msimu linarudi, kwa sababu mwenye haraka ya ada ya shule hana nguvu ya kubishana na mwenye lori. Kwa mtafiti maana yake ni mbili. Mkulima akisema ameuza magunia 20, uliza ya debe ngapi. Na akisema bei, ujue bei ya kilo iko chini ya ile iliyotajwa. Kuna pia mahindi yaliyochomwa mabichi Februari na Machi, wakati wa njaa, kabla mavuno rasmi hayajaanza. Hayo hayaingii kwenye gunia lolote, na katika kaya maskini si machache.

Nimekaa kwenye hatua na debe kwa makusudi, kwa sababu ugomvi mkubwa kuliko wote katika somo hili umesimama juu yake. Katika miaka ya 1920 Mrusi Alexander Chayanov alieleza kwamba kaya ya mkulima hailimi kama kampuni. Haina mshahara wa kulipa, ina midomo ya kulisha, kwa hiyo itaendelea kuongeza kazi shambani hata pale mwajiri angeshaona hailipi. Mwaka 1962 Amartya Sen, akitumia takwimu za India za miaka ya 1950, aliandika kuhusu jambo ambalo tangu hapo limekuwa kama kanuni: kadiri shamba linavyopungua ukubwa, mavuno kwa eka yanaongezeka. Kwa miaka hamsini hoja za kugawa ardhi kwa wadogo ziliegemea hapo, na mimi ni mmoja wa waliofundishwa hivyo.

Halafu vikaja vipimo vya setilaiti. Tangu 2008 utafiti wa taifa wa kaya zinazofuatiliwa, unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa ushirikiano na Benki ya Dunia, umekuwa ukituma wadadisi kuzunguka mashamba wakiwa na vifaa vya GPS. Nchi jirani nazo zilifanya vivyo hivyo. Wengi walitarajia kwamba kanuni ya Sen ingeyeyuka. Nchini Uganda, Carletto na wenzake waliona mwaka 2013 kwamba wenye vishamba vidogo huvikuza wanapovitaja na wenye vikubwa huvipunguza, na baada ya kusahihisha, kanuni ilizidi kupata nguvu. Basi wengine wakaenda upande wa pili wa mgawanyo, upande wa mavuno. Huko Ethiopia, Desiere na Jolliffe walilinganisha mavuno ambayo wakulima waliyataja kwa mdomo na yale yaliyokatwa na kupimwa kwenye mizani katika kipande kilichochaguliwa kwa nasibu. Kwa maneno, mashamba madogo yaliongoza. Kwenye mizani, uongozi ule ulitoweka. Uganda nako, kwa mahindi, ikaonekana vilevile. Wenye vishamba vidogo walikuwa wanayakuza mavuno yao, na hakuna aliyekusudia kudanganya.

Hapo Milu Muyanga na Thomas Jayne, waliofanya kazi Kenya, walitoa onyo lingine ambalo naliona muhimu kuliko yote: tulikuwa tunabishana kuhusu mashamba ya eka moja na eka tano kana kwamba huo ndio upana wa dunia. Walipochukua mashamba hadi hekta 70, mchoro ulijikunja. Hadi hekta 3 hivi, kubwa lilizidiwa na dogo. Kati ya 3 na 5 palikuwa shwari. Kutoka 5 hadi 70 kubwa lilipanda. Kwa hiyo mtu akikwambia wakulima wadogo wana tija zaidi, au wakubwa wana tija zaidi, muulize anatazama kipande gani cha mchoro.

Sasa tuje kwenye mgawanyo ambao nauona kuwa moyo wa somo. Yujiro Hayami na Vernon Ruttan, katika kitabu chao cha 1971, walionyesha kitu chepesi ajabu: pato la mkulima mmoja ni eneo analolima mara mavuno ya kila eneo. Basi. Ukiongeza moja kati ya hayo mawili, pato linaongezeka. Marekani ilikuwa na ardhi tele na watu wachache, ikaongeza eneo kwa mashine. Japani ilikuwa na watu wengi kwenye hekta moja moja, ikaongeza mavuno kwa mbegu na mbolea. Njia mbili, na zote zilifika.

Tufanye hesabu ya kubuni, namba za kufundishia tu. Kaya ya Ufipa ina watu wazima watatu na hekta 2.4 za mahindi, ikivuna tani 2 kwa hekta: kila mtu amelima hekta 0.8, amepata tani 1.6. Huko Iowa mtu mmoja mwenye mashine analima hekta 150 akivuna tani 11 kwa hekta: tani 1,650. Tofauti inazidi mara 1,000. Lakini ichambue. Mavuno kwa hekta yanatofautiana mara tano na nusu tu. Kilichobaki, karibu mara 190, ni eneo kwa mtu. Kesho asubuhi Mfipa akifikia mavuno ya Iowa, kwa mbegu chotara bora kuliko zote na mbolea yote ya kupandia na kukuzia, atapata tani 8.8 kwa mtu. Ni ukombozi mkubwa kwa kaya yake, na sitaki mtu aupuuze. Ila hata hivyo amefika nusu ya asilimia moja na kidogo tu ya yule wa Iowa. Semina za kilimo karibu zote zinahusu tani kwa hekta. Pengo karibu lote limekaa kwenye hekta kwa mtu, na hekta kwa mtu haziongezeki mpaka baadhi ya watu wapate la kufanya kwingine.

Kabla hamjamwonea wivu mno huyo wa Iowa, toeni kwanza gharama. Dizeli, mbegu, dawa, mkopo wa mashine, kodi ya ardhi: katika mwaka wa bei mbaya anaweza kuvuna tani zote hizo na kubaki na hasara. Mfipa anayelima kwa jembe na mbolea ya samadi anabaki na sehemu kubwa ya kile alichovuna. Ndiyo maana wachumi makini hawalinganishi mavuno, wanalinganisha thamani iliyoongezwa baada ya kutoa vilivyonunuliwa.

Ufipa yenyewe inatoa mfano mzuri wa watu walioishughulikia hesabu ya Hayami na Ruttan kabla haijaandikwa. Ng'ambo ya mpaka, Wabemba wa Zambia walilima citemene: hukata matawi ya miti, huyachoma, hupanda kwenye majivu, kisha huhama. Uwanda wa Ufipa una nyasi kuliko miti, na njia hiyo isingefika mbali. Wafipa wakalima intumba. Mvua zikikaribia mwisho, nyasi hukwanguliwa pamoja na udongo wake, huviringishwa kuwa vilima vya duara, majani ndani, udongo juu. Maharage hupandwa juu yake. Nyasi zinaoza zikiwa zimefunikwa. Msimu unaofuata vilima vinabomolewa na kusawazishwa, ulezi unasiwa. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyekaa Ufipa miaka ya 1960, aliueleza utaratibu huo na kuuhusisha na vijiji vikubwa, vya kudumu, alivyovikuta huko. Kwa eka, intumba ni kilimo cha kuheshimika: mbolea bila duka, mazao mawili, ardhi haihamwi. Kwa saa ya kazi ni mateso. Kila kilima ni mgongo uliopinda. Je, intumba ina tija? Jibu linategemea umegawanya kwa nini, na mtu anayelazimisha jibu moja hajawahi kushika jembe.

Maksai walibadilisha hesabu hiyo kwa upande mmoja. Plau inalima eneo kubwa kwa siku, kwa hiyo mwenye maksai huongeza eka, huhamia mahindi, na intumba hurudi nyuma. Palizi, hata hivyo, haikubadilika. Kaya inaweza kulima eka 10 kwa plau Novemba, na Januari ikapalilia tano tu kwa sababu mikono ni ileile. Zilizobaki ama zinatafutiwa vibarua, ama magugu yanachukua chake. Kwenye jedwali inaonekana kwamba maksai walipunguza mavuno kwa eka. Mwenye maksai hana shida na jedwali, maana ghala lake limejaa kuliko la jirani.

Upande wa kazi ndiko vipimo vyetu vilivyo dhaifu kuliko kote. Ukimuuliza mtu mwezi wa Agosti alifanya kazi saa ngapi kwenye shamba la maharage Machi, atakujibu kwa adabu, na jibu litakuwa la kubuni. Katika mkoa wa Mara, Vellore Arthi, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Amparo Palacios-López waligawa kaya makundi: wengine waliulizwa kila wiki, wengine mara moja baada ya mavuno. Waliosubiri kuulizwa mwishoni walitaja saa nyingi mno kwa kila mtu katika kila shamba, hadi mara nne ya wale wa kila wiki. Ukigawanya mavuno kwa saa zilizovimba kiasi hicho, tija inasinyaa bila kosa la mkulima. Na kuna jambo lililo karibu na hilo, ambalo Ellen McCullough alilionyesha kwa takwimu za nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo: pengo kati ya mkulima na asiye mkulima ni kubwa ukigawanya kwa mtu, lakini linapungua sana ukigawanya kwa saa. Mkulima hafanyi kazi mbovu kwa kila saa. Saa zenyewe ndizo chache. Kuanzia Julai hadi Oktoba uwandani hakuna mvua, na asiye na biashara, ufundi au pikipiki ana miezi ya kusubiri. Sijui namba nyingine katika somo hili iliyobadilisha mawazo yangu kuhusu sera kama hiyo.

Kuhusu kipato, kosa la kawaida ni kuchanganya kipato cha shamba na kipato cha kaya. Familia iliyoandikwa kuwa ya wakulima inaweza kuwa na kijana anayeleta dagaa kutoka Kirando au Kasanga, mama anayepika pombe ya ulezi, na baba anayefyatua matofali kiangazi. Kosa la pili ni bei. Mahindi yaliyoliwa nyumbani yathaminiwe kwa bei ya lumbesa shambani, kwa bei ya sado sokoni Sumbawanga mwezi wa Februari, au kwa bei ya Dar es Salaam? Kwa nchi na nchi tatizo ni lilelile, ila kubwa zaidi: kilo ya ulezi wa Ufipa na kilo ya ngano ya Kanada zinajumlishwaje? Hesabu nyingi za FAO zinatumia bei za wastani za kimataifa zilizojengwa kwa njia ya Roy Geary wa Ireland na Salem Khamis, mtakwimu wa Kipalestina. Ni njia ya busara. Ina upendeleo wake pia, kwa sababu bei za nchi zenye uzalishaji mkubwa ndizo zinazovuta wastani.

Na bei si jambo la hesabu tu, kama Rukwa inavyojua vizuri. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Usagishaji lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na mbolea nayo ilikuwa na ruzuku. Mkulima wa Sumbawanga, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam, alilipwa sawa na wa Morogoro. Mahindi yakafunika uwanda. Mtafiti aliyepita miaka hiyo akiwa na mizani angeandika kwamba tija ya Rukwa imepanda, na angekuwa sahihi. Kisichoonekana kwenye mizani ni kwamba nauli ya kila gunia ilikuwa inaingia kwenye madeni ya shirika, ambayo hatimaye yaliishinda serikali. Bei moja ikaondolewa, ruzuku ya mbolea nayo ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ghafla Ufipa ikawa mbali tena. Udongo ulikuwa uleule na wakulima walewale. Baadaye ilikuja lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, na umbali ukapungua kwa njia ambayo haikuhitaji mtu kukopa ili kulipia nauli. Lakini bado: mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kuvuka mpaka, bei katika nyanda za juu kusini ziliporomoka msimu uliofuata. Tani kwa hekta zilikuwa nzuri. Kipato hakikuzifuata. Kwa sababu hiyo namshauri mwanafunzi asiandike tija na kipato kwenye safu moja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Nirudi kwenye ukubwa. Nchi yetu imewahi kuujaribu, na kwa gharama. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, ulikusudia eka zaidi ya milioni 3. Ardhi ilikuwapo, matrekta yalikuwapo, fedha za Hazina ya London zilikuwapo. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa kama saruji, mvua hazikuja kwa ratiba, vipuri vilikwama, na mwaka 1951 mpango ulifungwa baada ya hasara ya pauni milioni 36 hivi. Mashamba ya ngano ya Hanang, yaliyosaidiwa na Kanada kuanzia miaka ya 1970, ni kisa cha aina nyingine: kwa mtu mmoja yalizalisha vizuri, maana mashine zilikuwa nyingi na watu wachache. Wafugaji wa Kibarbaig waliopoteza malisho yao hawakuwekwa kwenye mgawanyo. Wangewekwa, tija ile ingesomeka vingine. Visa hivi viwili havithibitishi kwamba kubwa ni baya. Vinaonyesha kwamba hekta nyingi, zikiletwa kabla ya mahitaji yake mengine, haziwi shamba.

Kinachotokea sasa ni tofauti na vyote hivyo, na hapa ndipo somo linapohitaji watu wapya. Jayne na wenzake wamefuatilia kuibuka kwa mashamba ya kati, ya hekta 5 hadi 100, katika nchi kama Zambia, Ghana, Kenya na Tanzania. Hayakuanzishwa na serikali wala kampuni ya kigeni. Wengi wa wenyewe ni watu wa mshahara na biashara wa mjini walionunua ardhi. Wengine ni wakulima waliokua polepole. Wanaleta trekta za kukodisha, na nyuma yao wanafuata wanunuzi wakubwa. Pia wanapandisha bei ya ardhi, na kijana wa kijijini anayetaka kuanza anakuta milango imefungwa. Uwandani Ufipa maswali ni wazi kabisa: eka walizouza wazee zinalimwa vizuri zaidi kuliko zamani, au zimewekwa tu kungoja bei? Waliouza wamepata kazi gani? Je, mwenye trekta anawalimia majirani, na kwa kiasi gani? Hadithi niliyoieleza mwanzoni, ya kazi za nje kutangulia na mashamba kuungana baadaye, inaweza kugeuzwa na ushahidi wa aina hii. Nitafurahi kuusoma.

Anayetaka kuanza, aanze na kaya moja. Nenda Novemba, ukiwa na GPS ya simu na futi ya utepe, uzunguke kila kipande cha ardhi pamoja na anayekilima, maana kipande cha maharage kinaweza kuwa cha mama na cha mahindi cha baba. Rudi kila wiki uulize kazi ya wiki hiyo tu. Wakati wa mavuno kata mahindi kwenye kipande ulichochagua kwa nasibu, yapukuchue, uyakaushe, uyapime kwenye mizani. Hesabu mahindi mabichi yaliyoliwa. Kaa karibu mnunuzi anapokuja, uhesabu debe zinazoingia kwenye gunia lake. Andika pia kilichoingia nyumbani bila kupita shambani. Mwaka ukiisha utakuwa na karatasi moja ya namba, na ukiwa nayo mkononi, fungua jedwali la FAO la nchi zote.